Doh ya Phelesia

Kanisani Karungu, mtu akitaka kujua kama Phelesia ameamka vizuri Sabato hiyo, hakumtazama usoni. Alingoja wimbo wa kwanza. Phelesia alikuwa mwimbishaji tangu kanisa likiwa la udongo, na hakuwahi kumuuliza mtu aanzie wapi. Alisimama, akavuta leso mabegani, akafungua kinywa, na pale sauti yake ilipotua ndipo kanisa zima lilipopaswa kuhamia. Ikitua juu, wazee wa sauti ya nne, ile nzito, walijua wenyewe pa kujificha. Ikitua chini, akina mama waliguna pamoja na wanaume, na hakuna aliyelalamika mpaka wawe wamefika nje.

Mwenye kazi ngumu alikuwa mpiga kinanda, na mpiga kinanda alikuwa mke wa mwanawe.

Jina lake Nyamoita, ingawa Karungu ni wachache waliolitumia. Wengi walimwita Mama Pauline. Mama mkwe alimwita Nyar Kuria, yaani binti wa Kuria, kwa sababu Waluo humwita mke kwa mahali alikotoka, na huyu alitoka kule juu karibu na mpaka wa Tanzania. Javan, mwana wa Phelesia na fundi wa injini za boti, alimkuta Migori mjini akishona sare za shule, akamleta nyumbani ziwani. Phelesia hakugomba. Alisema mara moja tu, kwamba hajui atazungumza vipi na mtu asiyejua Dholuo. Na kweli hawakuzungumza. Nyamoita alijifunza Dholuo cha sokoni, lakini mbele ya mama mkwe ulimi ulimganda, wakabaki na Kiswahili, ambacho wote wawili walikiazima. Kiswahili cha kuazima kinatosha kuombana chumvi. Hakitoshi kumwambia mtu kwamba unamwogopa na unampenda kwa wakati mmoja.

Kinanda ndicho kilichowaokoa. Kilikuwa cha kanisa, lakini kililala nyumbani kwa Phelesia kwa sababu mlango wa stoo ya kanisa ulifungwa kwa kipande cha waya. Nyamoita, mke mgeni asiye na wa kupiga naye soga, alianza kukigusa mchana watu wakiwa shambani. Hakufundishwa na mtu. Alitafuta wimbo kwa sikio, kidole kwa kidole, hata mikono miwili ikapatana. Lakini alijua kuupata mahali pamoja tu, kwenye vipande vyeupe. Vile vyeusi alivipangusa vumbi, basi.

Sasa vinanda hivi vya umeme vina kitufe ambacho wapigaji wengi wa makanisani wangeaibika bila hicho. Ukikibonyeza, kinanda kizima hupanda au kushuka. Vidole vinabaki palepale, sauti ndiyo inayohama. Phelesia akianza, Nyamoita aliinamisha kichwa, akabonyeza, akagusa kidogo, akabonyeza tena, mpaka Doh yake ikaketi juu ya Doh ya mama mkwe. Doh ni pale wimbo unaposimamia miguu. Akishaipata, aliingia kwa mikono yote miwili, na kwa ubeti mzima wanawake wale wawili walielewana kuliko walivyoelewana wiki nzima jikoni.

Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo hata Javan hakulijua. Mwaka alioolewa, kioo kidogo cha kinanda kilionyesha tatu juu. Pauline alipoanza shule kilikuwa kwenye moja. Baba mkwe alipozikwa, kilishuka hata sufuri na hakikupanda tena. Sasa kilisoma mbili chini. Phelesia alikuwa anazeeka, na aliyejua anavyozeeka, ngazi baada ya ngazi, ni Nyar Kuria peke yake. Hakumwambia mtu. Ilikuwa siri ya watu wawili, ingawa mmoja wao hakujua kwamba ana siri.

Ndipo akaja Mwalimu Byron.

Ukitafuta wa kulaumu katika habari hii, usianze na Byron. Alikuwa kijana mpole wa Kendu Bay, amesomea muziki, na kanisa lilimtuma azitayarishe kwaya za upande wa ziwa kwa mkutano wa kwaya ambao ungefanyika huko kwao mwezi wa nane. Sabato ya kwanza alikaa nyuma, akasikiliza, akamfuata Nyamoita nje.

“Mama Pauline, uko na masikio,” alisema. “Kabisa. Lakini hii wimbo iko na kii yake, mahali pa kuanzia. Kitabu imesema Doh ni E-flati. Nyinyi kila Sabato mnaimbia mahali ingine, kama watu wa kuhamahama.”

“Tunafuata Mama.”

“Na Mama anafuata nani?”

Swali hilo Nyamoita hakuwahi kujiuliza. Wala hakuchukia alipoambiwa ajifunze kusoma nota, kwa sababu kulikuwa na aibu moja aliyoificha. Zamani kwaya ya wageni ilimpa karatasi ya nota, akaiweka mbele yake kwa heshima zote, akapiga wimbo vizuri mpaka mwisho, halafu mwenye karatasi akaja kuichukua akaikuta imesimama kichwa chini. Yule mama mgeni hakusema neno. Nyamoita hajawahi kukisahau kile kimya chake.

Basi kila Jumatano alifunga cherehani mapema akaenda kwa Byron, aliyepangisha chumba karibu na soko. Alionyeshwa mistari mitano, na juu yake viluwiluwi vyeusi, vingine mkia juu, vingine mkia chini. Alionyeshwa vijialama vitatu mwanzoni mwa mstari.

“Hizi zinasema nini?”

“Zinasema kuna vyeupe tatu utaruka, ugonge vyeusi.”

“Na mimi nikitaka vyeupe?”

“Wimbo haitaki,” alisema Byron.

Ilimshangaza kuambiwa kwamba wimbo una matakwa yake, mbali na yule anayeuimba. Lakini alikuwa fundi wa nguo, alizoea kuhesabu mistari, akashika. Nyumbani alirudia kila jioni, taratibu, mdomo ukitaja kila kiluwiluwi kwa jina. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kumchanganya. Alichokisoma nyumbani kilisikika namna moja. Alichokisoma kwa Byron, karatasi ileile, vidole vilevile, kilisikika kwingine. Wiki mbili alinyamaza akidhani ni ujinga wake. Ya tatu ikamshinda.

“Mwalimu, kinanda yako imeharibika.”

“Imeharibika aje?”

“Iko juu.”

Byron alifikiri yake pia. Alidhani mama huyu harudii mazoezi nyumbani. Akafunga safari mpaka kwa Phelesia aone kinanda cha kanisa, akainama kwenye kioo, akacheka kidogo, bila ubaya.

“Mama Pauline, nani aliweka hii mbili chini?”

“Hiyo ni ya Mama,” alisema Nyamoita.

“Ya Mama?”

Phelesia alikuwa barazani akichambua omena, dagaa wa ziwani, hatua chache tu kutoka mlangoni. Nyamoita aliangalia mlango, akaangalia kioo. Alitaka kueleza kwamba ile haikuwa kosa, ile ilikuwa Phelesia mwenyewe, kaburi la mumewe na magoti yake na asubuhi zake zote, vimewekwa pale kwa namba. Kwa Kiswahili gani? Akasema, “Nilisahau kurudisha.” Byron akabonyeza mara mbili, kikasoma sufuri, na nyumbani kukawa sawa na sokoni.

Sabato iliyofuata Nyamoita aliingia kanisani na karatasi yake, na haikuwa kichwa chini. Byron alikuwa amepanga kwamba kinanda kianze na mwimbishaji afuate, kama inavyofanywa kwingine. Nyamoita akaanza. E-flati, vyeusi vyote mahali pake, hata kosa moja halikuwepo, na lazima isemwe kwamba alijisikia vizuri sana. Wazee wa sauti ya nne, waliochoka kuguna chini, walitazamana kwa furaha. Phelesia alisimama, akavuta leso, akaingia pale alipoelekezwa. Ubeti ukapita. Kwenye kiitikio, pale wimbo unapopanda, sauti yake ilipanda nao, ikatetemeka, ikakatika. Alifungua kinywa tena na hakikutoka kitu. Emmaculate, msichana wa sauti ya kwanza, akaudaka wimbo bila hata kufikiri, kanisa likaendelea. Phelesia akakaa. Nyamoita aliona yote hayo kwa ukingo wa jicho, na hakuweza kuacha, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye karatasi na karatasi haikuwa imefika mwisho.

Jioni ile mama mkwe aliomba chumvi, basi. Sabato iliyofuata hakusimama, na nyingine pia. Emmaculate ndiye aliyeimbisha. Watu walisema ni umri, wakamsifu kwa utumishi wake kama mtu aliyekwisha kufa. Nyumbani aliacha hata kuguna wimbo akisonga ugali, na jiko lile bila mguno wake lilimtia Nyamoita hofu kuliko ugomvi wowote. Alijua aliyemnyamazisha. Si umri.

Akajaribu kurudi nyuma. Mchana mmoja nyumba ikiwa tupu aliweka kitufe mbili chini, akafumba macho, akatafuta wimbo kwa sikio kama zamani. Haukuja. Kila sauti aliyoisikia ilimletea kiluwiluwi chake na jina lake, na akishaliwaza jina vidole vilisita vikiuliza ni kipi cheusi. Alifumbua macho, akachukua karatasi, asome basi. Lakini sikio nalo likakataa, likamwambia hapa si kwa Mama, hapa si kwa Mama. Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse mshona nguo. Wiki hiyo alishona mkono wa kushoto wa sare ukaenda kulia, akaufumua, akaushona tena vilevile.

“Si umuongeleshe tu?” Javan alimwambia, akifuta grisi vidoleni. “Ni mama yangu. Hang'ati.”

“Nimwambie nini?”

“Hiyo yenye unaniambia mimi.”

Ushauri wa mume aliyeelewana na mama yake tangu tumboni. Nyamoita alikwenda hata mlango wa jiko, akamkuta Phelesia ameinama mbele ya moto, akasimama pale na maneno yake yote. Akamwuliza kama kuni zinatosha. Phelesia akasema zinatosha.

Kisha Phelesia naye akaanza vituko. Asubuhi kabla ya uji aliteremka ufukweni peke yake, na simu mkononi, mtu ambaye hakumpigia hata dadaye. Alirudi sauti imekwaruza. Alikunywa maji moto na tangawizi, akajifunga kitambaa shingoni kwenye jua la Karungu. Nyamoita aliamini anaugua, na kwamba ugonjwa wenyewe ni ile Sabato. Na wiki ya mwisho kabla ya safari, kwaya ikiwa mazoezini na Emmaculate amesimama tayari, bibi yule aliinuka kwenye benchi la nyuma.

“Kendu Bay nitaimbisha mimi,” alisema.

Hakuna aliyethubutu kumwambia hapana. Byron mwenyewe aliangalia viatu vyake. Nyamoita akaamua palepale, na huo ulikuwa uamuzi wake wa kwanza usio na shaka kwa miezi mingi. Yeye atashuka. Acha kitabu kiseme kinachosema, acha vyeusi vikae bila kuguswa. Atabonyeza kitufe mbili chini, hata tatu ikibidi, atamwacha Mama aanze, na mbele ya kwaya za ziwa zima Phelesia hatakatika sauti mara ya pili.

Walifika Kendu Bay wakakuta ukumbi wa shule umejaa na stima imepotea. Vinanda vyote vya umeme vilikuwa mbao tu. Lakini pembeni ya jukwaa, chini ya kitambaa cha meza, kulikuwa na piano ya zamani ya wamishenari, nzito, meno yake ya manjano. Byron aliifunua kwa furaha ya mtu aliyeona ndugu.

Nyamoita alipapasa juu, akapapasa ubavuni.

“Kitufe iko wapi, Mwalimu?”

“Hii haina kitufe, Mama Pauline. Hii ni piano.”

Akabaki ameishika kama mtu aliyeshika mlango wa nyumba isiyo yake. Duniani alijua Doh mbili tu. Moja ni ya vipande vyeupe, ile ya sikio. Nyingine ni E-flati ya karatasi. Kati ya hizo hakuwa na njia, na chini yake pia hakuwa nayo. Ile ya vyeupe ilikuwa juu kidogo kuliko alipofika Phelesia, lakini angalau ilikuwa upande wake. Akaikunja karatasi ya nota, akaikalia. Byron alipomwashiria aanze, alitikisa kichwa.

“Wacha Mama aanze. Kama nyumbani.”

Byron akashusha mikono yake. Hilo nalo liandikwe kwa wema wake.

Phelesia akasimama, akavuta leso. Nyamoita alikwisha kuweka vidole kwenye vyeupe, moyo umeshikilia pale pale, Mama njoo hapa, nipo hapa. Hakusikiliza. Miaka yote hiyo alisikiliza, na siku hiyo moja alikuwa amejua kabla ya kusikia. Phelesia akafungua kinywa, na sauti ikatoka juu, juu kabisa, nyembamba na yenye mikwaruzo lakini imesimama wima pale kitabu kilipoagiza. Nyamoita akaingia kwa mikono yote miwili kule chini.

Ilikuwa mbaya kuliko mtu anavyoweza kueleza. Nusu ya kwaya ilimfuata bibi, nusu ikafuata piano, na mzee mmoja wa sauti ya nne akafuata njia yake mwenyewe. Kule nyuma watu walicheka. Phelesia akanyamaza. Nyamoita akaondoa mikono kama aliyegusa sufuria ya moto. Bibi yule akatembea polepole hadi kwenye piano, akainama.

“Mimi nimepanda,” alisema chini kwa chini. “Wewe umeshuka kwa nini?”

“Nilishuka kukufuata, Mama.”

“Lakini kitabu iko juu. Mwalimu aliniwekea hiyo sauti kwa simu. Kila asubuhi nimeimba na hiyo simu mpaka samaki wamechoka.” Alivuta pumzi. “Nilitaka nisikuharibie.”

Nyamoita alitafuta la kusema kwa Kiswahili, akatafuta kwa Dholuo, akatafuta hata kwa Kikuria. Machozi yalikuwa karibu na hakutaka yatoke mbele ya kwaya za watu.

“Haya,” alisema Phelesia. Akanyoosha mgongo, akaweka mkono mmoja begani kwa mke wa mwanawe, mkono ambao haukuwahi kukaa hapo. “Anza wewe. Mimi nitafuata.”

Basi hapo ndipo alipopotea kabisa. Vidole vyake vilikwenda kwenye vyeusi, vikarudi kwenye vyeupe, vikasimama hewani. Juu angemvunja tena. Chini angemdharau, asubuhi zote zile na samaki wote wale. Na zaidi ya hayo kulikuwa na jambo la ajabu ambalo halikuwahi kumjia: hajawahi kuanzisha wimbo kwa Doh yake mwenyewe. Kwanza alimfuata Mama, kisha akaifuata karatasi. Yeye mwenyewe, Nyamoita, wimbo ukimtoka tu bila kuongozwa, huwa unaanzia wapi? Hakujua. Umri wote ule, na hakujua.

Mkono ulikuwa bado begani. Nyamoita akashusha mikono yake mapajani, akafungua kinywa.

Sauti iliyotoka ilimshtua, maana ilikuwa nene kuliko alivyodhani. Akaimba mstari wa kwanza peke yake, bila piano, masikio yakiwaka kwa aibu. Kwenye mstari wa pili Phelesia aliingia, akachelewa kidogo, akakosea ngazi moja, akatafuta, akagusa, akapata. Nyamoita aliujua ule utafutaji. Ulikuwa wake. Halafu Emmaculate akaingia, halafu wanaume, na Karungu yote ikaimba hadi mwisho huku Byron akipiga mapigo hewani na karatasi yake ikining'inia mkononi bila kazi. Kwenye kiitikio Phelesia alipanda na hakukatika.

Ubeti wa mwisho Nyamoita alinyoosha kidole kimoja, akabonyeza polepole kipande hiki na kile, chini ya sauti za watu, kutafuta wako wapi. Haikuwa ile ya vyeupe. Haikuwa E-flati. Hakuipata kabla wimbo haujaisha.

Walirudi kwenye benchi lao, wakakaa bega kwa bega, kwaya nyingine ikipanda jukwaani. Phelesia alifungua kitambaa cha shingoni, akajifutia uso, akamwinamia.

“Nyar Kuria. Pale tulikuwa wapi?”

“Sijui, Mama.”

“Hata mimi sijui.” Akakunja kitambaa mara mbili, akakiweka mapajani. “Tukifika nyumbani tuitafute.”